Fundi Aliyemkimbia Bi Kuruthumu

Mwaka ule Tarime ilikuwa haishikiki. Mashimo ya Nyamongo yalikuwa yametema dhahabu, na watu walikuja kutoka kila upande, wenye sururu na wasio na sururu. Hata Bi Kuruthumu na binti yake Ikram walifunga duka lao la vitenge Tanga wakaja kulifungua Nyamisangura, hapo hapo Tarime mjini, kwa sababu walisikia wake za wachimbaji wananunua nguo kama wanaziokota.

Kwa hiyo asubuhi ile kituo cha mafuta cha pale Bomani kilikuwa kimefurika hadi barabarani, na katikati ya msongamano ndipo kigari cheupe cha Ikram kikaamua kukohoa. Kilitoa moshi mweusi, ukampata wa bodaboda usoni na abiria wake pia, na abiria alikuwa katekista mwenye shati jeupe.

"We dada, unachoma mkaa humo ndani?" wa bodaboda akauliza huku anajifuta.

Ikram alishuka. Alivaa dera la rangi ya chungwa, mtandio wa kijani umemteleza hadi mabegani, na hasira ilikuwa inamkaa vizuri kuliko vyote viwili. Akafungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayetazama sufuria la jirani.

"Hapo juu huoni kitu," sauti ikasema nyuma yake. "Shida iko chini."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya bluu yenye kiraka cha jinzi kwenye kiwiko, mkononi kidumu cha petroli.

"Umejuaje na hata hujagusa?"

"Nimenusa. Gari inakunywa mafuta kuliko inavyoweza kuyachoma. Taa ya injini haiwaki?"

"Iliwaka mwezi uliopita."

"Ukafanyaje?"

"Nikabandika stika juu yake."

Fundi alicheka mpaka petroli ikamwagikia kiatu. "Sikiliza dada. Kwenye bomba la moshi kuna kitu kinaitwa sensa ya oksijeni. Ndiyo pua ya gari. Inanusa moshi, halafu inaiambia injini punguza, ongeza. Yako pua imekufa, injini inamimina tu."

"Na yako wewe, fundi, inafanya kazi?"

"Imeanza kusikia udi tangu uliposhuka."

Ikram akauvuta mtandio kichwani ili asionekane anacheka. Hakufanikiwa.

Jina lake Hamim Heche, Mkurya wa Turwa, Mwislamu tangu kwa babu yake, na gereji yake ilikuwa kando ya barabara ya kwenda huko. Sensa mpya ilibidi iagizwe Mwanza, na haikuja haraka. Mwenyezi Mungu ana njia zake, na basi la mizigo nalo lina zake. Kila jioni simu ya Ikram ikawa inaita.

"Imefika?" Ikram anauliza.

"Haijafika. Lakini mimi nimefika."

"Umefika wapi?"

"Nimefika pabaya, mpenzi. Leo nimemfungia mteja tairi ya mbele nyuma, nakuwaza."

"Basi acha kuniwaza kabla hujaua mtu."

"Nikiacha ndiyo nitakufa mimi."

Ikram analala amekumbatia simu, na chumba cha pili Bi Kuruthumu anakohoa kile kikohozi ambacho si cha kifua.

Maana Bi Kuruthumu alikuwa na mipango yake. Faridu, mnunuzi wa dhahabu mwenye pete vidole vitatu na jino moja la kung'aa, alikuwa ameshasema kuwa Jumapili anakuja kuposa. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, na akimsalimia mama anaushika mkono wake kana kwamba anaupima uzito.

"Mama, usimjibu Faridu," Ikram alisema. "Mimi nina mtu wangu."

"Nani?"

"Fundi."

"Fundi gani? Wa kushona?"

"Wa magari. Mama, mtazame kwanza. Ukimwona usipompenda, basi mwambie Faridu aje."

"Haya. Nimesikia, na nitakukumbusha hayo maneno."

Kwa hiyo siku sensa ilipofika, Ikram hakwenda gereji peke yake. Alimvalisha mama yake baibui jipya, akampakia, wakaenda wanakohoa njia nzima. Hamim hakuambiwa. Ikram alitaka amshtue kwa furaha.

Gari likawekwa juu ya shimo la gereji, Hamim akashuka chini. Bi Kuruthumu alibaki kwanza ng'ambo ya barabara ananunua ndizi. Ikram akachutama ukingoni mwa shimo, dera amelikunja magotini.

"Hii ya zamani imeshikwa na kutu," Hamim alisema toka chini. "Nimeimwagia kilainishi. Ukiilazimisha inaondoka na nyuzi za bomba zinazoishika, ndipo utalia. Inatakiwa bomba liwe na joto kidogo, halafu unaibembeleza."

"Wewe kila kitu unabembeleza."

"Nishikie hiyo mpya. Shika huku kwenye waya, usiguse ncha. Ikipata mafuta ya mikono inaharibika kabla haijaanza kazi."

Spana ikalia, sensa ikazunguka nusu. Hapo ndipo Bi Kuruthumu akatokea na kichane cha ndizi, akainama juu ya shimo, akanyoosha mkono wenye hina.

"Ndiye huyu fundi wako? Hujambo, baba? Mimi ndiye mama yake Ikram."

Hamim aliuona ule mkono, uso ukabadilika. Akageuka akaelekea ukuta wa shimo. "Shikamoo," aliuambia ukuta. Kisha akapanda ngazi ya upande wa pili, kichwa kwapani kama kuku, akazunguka nyuma ya lori, akatokomea. Spana ikabaki imening'inia kwenye sensa.

Bi Kuruthumu alikaa na mkono wake hewani. Alipourudisha alikuwa ameshaamua.

"Nimemtazama," alisema. "Jumapili Faridu anakuja."

Ikram alipiga simu palepale barabarani.

"Hamim, umemfanyia nini mama yangu?"

"Bado yupo?"

"Yupo, na anatetemeka kwa hasira."

"Basi siwezi kurudi. Ikram, kwa nini umeniletea mama yako bila kuniambia? Umeniaibisha."

"Mimi nimekuaibisha? Una mke nini wewe? Uliogopa mama atakutambua?"

"Mke wapi tena? Kwani wewe hujui?"

"Sijui nini?"

"Basi kama hujui, mimi nitasemaje kwenye simu," alisema Hamim kwa unyonge, na Ikram akakata. Alilia hadi wanja ukafika kidevuni, na ndizi hakula.

Kesho yake mama na binti walirudi na kamba, walivute gari walipeleke kwa fundi mwingine. Ikram hakujipamba. Dera alilovaa lilikuwa la kufulia. Walimkuta Hamim amesimama kando ya gari anaipangusa sensa mpya kwa kitambaa safi, macho yamemvimba kama aliyekesha msibani.

Bi Kuruthumu hakuja kupoteza muda. "Wewe kijana, njoo hapa uniambie nimekukosea nini."

Akaja kwa mbele ya gari, Hamim akaenda kwa nyuma. Akageuka aje kwa nyuma, Hamim akaenda kwa mbele. Walizunguka kigari kile, mama anashika baibui lisikanyagwe, fundi ameinama kama anatafuta sindano, na mafundi wengine wakaacha kazi zao.

Agustina, mama wa makamo aliyeuza uji mlangoni mwa gereji, alicheka hadi akakaa chini.

"Dada yangu, simama utamuua," akasema alipopata pumzi. "Kwenu huko Tanga mkwe mnamfanyaje?"

"Mkwe anakuja, ananisalimia, anakaa, namwekea chakula. Huyu ni mkwe wa wapi?"

"Huyu ni wa hapa. Kwetu sisi mkwe hakupi mkono. Hakutazami machoni. Akikuona njiani anaingia shambani hata kama ni la mwenzake. Ndiyo heshima yenyewe, tunaona soni. Angekuwa hamtaki binti yako, angekushika mkono wote mpaka begani, akala na ndizi zako. Sasa mwulize: mura, kijana wangu, mbona unamkimbia huyu mama?"

Hamim, nyuma ya gari, alijibu kwa sauti ndogo. "Kwa sababu moyoni nilishamfanya mkwe. Nilidhani Ikram anajua."

Ikram aliiachia kamba ikaanguka. Kilio cha usiku kucha kikageuka kicheko kikamtokea puani, hakuweza kukizuia. "Yaani ulikimbia kwa sababu unanitaka?"

"Sasa ningekimbia kwa sababu gani nyingine?"

Bi Kuruthumu alijipepea kwa ncha ya mtandio. Alikuwa anafikiria jinsi Faridu anavyoushika mkono wake. "Sasa gari la binti yangu nani atalimaliza," alisema, "kama hatuwezi kuonana?"

Agustina ndiye aliyetoa hukumu: fundi aingie shimoni, mama aingie kwenye usukani na kutazama mbele, macho yasikutane. Ikram achutame mlangoni kati yao.

Sensa ya zamani ilitoka taratibu, nyeusi kama mkaa, nyuzi za bomba zikiwa salama. Mpya ikaingia, ikakazwa, waya ukachomekwa.

"Mwambie mama awashe," Hamim alisema toka chini.

"Mama, washa."

"Mwambie fundi nimewasha."

"Mwambie mama abandue stika, atazame taa."

Bi Kuruthumu aliibandua kwa kucha. "Mwambie imezima. Na moshi hausikiki."

Shimoni spana ikagonga bomba mara mbili. "Ikram. Mwambie mama kwamba Ijumaa baba yangu mdogo anaomba kuja nyumbani kwenu. Kwa jambo lako."

Ikram alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, shingo imenyooka.

"Mwambie nitafikiria."

Ikram akainama hadi mtandio ukagusa saruji. "Hamim, mama amekubali. Mje baada ya swala. Na Faridu atampigia simu yeye mwenyewe leo, amwambie asijisumbue."

Chini kikaanguka kitu cha chuma.

Bi Kuruthumu alikuwa umbali wa mkono mmoja, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Alimtazama binti yake kwa pembe ya jicho, kisha akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, mtu asije akasema kwamba alisikia.