Bibi Anaitwa Kuwa Shahidi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Theodora alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota ndoo ya maji kwenye pampu ya kijiji, na kuhesabu kuku. Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu, maana kuku hawapangi mstari kama wanafunzi. Bibi yake, Anastazia, alikaa kizingitini akichambua mbegu za alizeti, kwa sababu mvua za Novemba zilikuwa zimeanza kunukia. Alimkosoa mjukuu wake bila hata kuinua kichwa.

"Dora, jogoo umemhesabu mara mbili."

"Umejuaje, bibi, na wala hujaangalia?"

"Kaniambia mwenyewe. Huoni anavyojivuna?"

Waliishi wawili tu, katika kitongoji kimoja karibu na Sepuka, mkoani Singida. Dora alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Bibi ndiye aliyekuwa baba yake na mama yake, na siku ya kugombezwa alikuwa shangazi pia.

Jumatatu moja, Dora akirudi kutoka shule, mgambo wa kijiji alimsimamisha njiani. Huyo aliitwa Paskali. Jua lilikuwa kali, yeye alikuwa na baiskeli, na nyumba ya bibi ilikuwa juu ya kilima. Paskali na vilima walikuwa hawapatani tangu zamani.

"Shikamoo," alisema Dora.

"Marahaba. Wewe si mjukuu wa bibi Anastazia? Haya, mpelekee karatasi hii. Ni ya mahakama, usiifanyie mchezo."

Akageuza baiskeli, akateremka huku akipiga mluzi. Dora alibaki ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kana kwamba ingemuuma. Mahakama! Alijibanza nyuma ya kichuguu, akaikunjua, akasoma polepole.

"Hati ya kumwita shahidi. Jamhuri dhidi ya Emilian. Wewe Anastazia unaamriwa kufika Mahakama ya Mwanzo siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ili uwe shahidi. Ukikosa kufika bila sababu ya msingi, amri ya kukukamata itatolewa."

Maneno mengine yalimpita, lakini neno shahidi alilijua vizuri sana. Kanisani kwao, kwenye ukuta wa kushoto, kulikuwa na picha ya Mashahidi wa Uganda: vijana waliofungwa ndani ya matita ya matete, na moto unawaka miguuni. Kila mwezi wa Juni katekista aliwasimulia habari zao, mpaka watoto wakawa wanakunja miguu juu ya mabenchi. Mashahidi walichomwa moto. Sasa Jamhuri inataka bibi naye awe shahidi!

Dora akapiga hesabu zake. Bibi akienda, ataungua. Asipoenda, atakamatwa.

Na kosa lake lilikuwa nini? Dora alikumbuka. Mwezi wa nane, ng'ombe wawili wa kulimia wa jirani yao Agnes, ambaye ni mjane, waliibwa zizini. Bibi alikuwa ameamka alfajiri kwenda kwenye pampu. Akamwona Emilian, kijana wa kitongoji cha pili, akiwaswaga kuelekea njia ya Manyoni. Akaenda kueleza polisi. Ng'ombe walipatikana, na Emilian akashtakiwa.

"Kumbe haya ndiyo malipo ya kusema ulichokiona," alinong'ona Dora, na machozi yakamtoka.

Jikoni kulikuwa na kuku mwekundu anayeatamia mayai, mkali kuliko mwalimu wa zamu. Dora alimwinua, akadonolewa mara mbili, akaisukuma karatasi chini ya mayai. Kuku akaikalia vizuri, kama atakayetotoa hakimu.

Jioni ile bibi aliuliza, "Dora, hujamwona Paskali? Nasikia anagawa karatasi za mahakama."

Dora aliinamia sahani yake ya ugali. "Sijamwona, bibi."

"Ajabu. Na mtu mwenyewe ni mnene, hapotei kirahisi."

Bibi alicheka. Dora hakucheka. Aliumega ugali, akausokota, akausokota tena, akaurudisha kwenye sahani. Bibi alimtazama, akasogeza bakuli la mboga karibu naye.

Jumanne kila pikipiki iliyopita ilimfanya Dora akimbilie uani. Kwenye pampu, wakisubiri zamu, akamvuta pembeni rafiki yake Kudra. Baba yake Kudra ana duka la vyombo, na wao ni Waislamu. Dora alifikiri labda upande ule neno lina maana yenye nafuu.

"Kudra, kwenu shahidi ni nani?"

"Shahidi?" Kudra alifikiri kidogo. "Ustadhi alitufundisha madrasa. Ni mtu aliyekufa kwa ajili ya dini."

"Lazima afe?"

"Sasa asipokufa atakuwaje shahidi?"

Ndoo ilimponyoka Dora. Kanisani wanakufa, msikitini wanakufa. Hakuna pa kukimbilia.

Jumatano Agnes akaja. Hakukaa hata kwenye kigoda alichopewa.

"Mama, kesi ni kesho. Wewe wamekuita?"

"Hawajaniita," alijibu bibi. "Labda wameona ushahidi wangu umechacha."

"Usinitanie, mama. Hakuna mwingine aliyemwona kwa macho. Mvua ndiyo hii inakuja, na ng'ombe wangu bado wako kituo cha polisi kama kielelezo. Kesi ikifutwa, Emilian atasema ni wake. Nitalima ekari tatu kwa jembe la mkono, na watoto wanne?"

Bibi aliacha utani. "Nitafanyaje, mwanangu? Mahakama si msiba, kwamba kila mtu anakwenda tu. Wakinihitaji wataniita."

Agnes aliondoka ameinamisha kichwa. Dora, nyuma ya mlango, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alimhurumia Agnes sana. Lakini alipotaka kutoka aseme, aliona yale matete na ule moto, na katikati yake kitenge cha bibi. Akarudi nyuma.

Alhamisi asubuhi, kipindi cha Uraia na Maadili, Mwalimu Gerald aliingia darasani na redio ndogo.

"Leo nitapumzika," alisema. "Atawafundisha Waziri."

Darasa lilicheka. Mwalimu akaeleza kwamba Bunge lilikuwa linakaa Dodoma, na asubuhi ni muda wa maswali na majibu. Mbunge anauliza kwa niaba ya wananchi, na Waziri hana ruhusa ya kusema hajisikii vizuri. Akazungusha redio mpaka sauti ikatulia. Siku hiyo aliyesimama alikuwa Waziri wa Katiba na Sheria.

Mbunge mmoja aliuliza: "Mheshimiwa Spika, kesi nyingi vijijini zinafutwa kwa sababu mashahidi hawafiki mahakamani. Je, Serikali ina mpango gani wa kuwalinda mashahidi hao?"

Dora aliganda. Kumbe ni wengi! Kumbe wengine wamekimbia!

Waziri akajibu kwa sauti ya taratibu, "Mheshimiwa Spika, ni kweli wananchi wengi wana hofu. Serikali inaendelea kutoa elimu ya sheria na kuhakikisha kwamba shahidi analindwa kabla na baada ya kutoa ushahidi."

Baada ya kutoa ushahidi? Dora alijiuliza, baada ya hapo kinabaki nini cha kulinda? Majivu?

Mbunge akasimama tena kwa swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, kwetu mtu akitajiwa kituo cha polisi anaogopa kuliko kutajiwa fisi. Anakwenda kueleza alichokiona, anarudi akihisi yeye ndiye mwizi. Waziri anasemaje?"

Bungeni walicheka. Darasani nako wakacheka. Waziri akasubiri watulie.

"Mheshimiwa Spika, suala la polisi nitashirikiana na mwenzangu wa Mambo ya Ndani. Lakini naomba wananchi wanisikie. Shahidi si mtuhumiwa. Shahidi anakuja mahakamani, anasema alichokiona, anarudi nyumbani kwake. Asiyeelewa karatasi aliyopewa, amuulize msaidizi wa kisheria aliye jirani naye. Huduma hiyo haina malipo."

Anarudi nyumbani kwake. Dora alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hao mashahidi... wakisharudi nyumbani, wanakuwa wameungua kiasi gani?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu Gerald naye alianza kutabasamu, kisha akaona machozi. Akazima redio.

"Kimya! Dora, nani kakwambia shahidi anaungua?"

"Wale wa kanisani, mwalimu. Na Kudra kasema ni lazima afe."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Sikiliza. Neno ni moja, kazi ni mbili. Wale wa kwenye picha waliitwa mashahidi kwa sababu waliishuhudia imani yao hata walipouawa. Shahidi wa mahakamani ni mtu aliyeona jambo kwa macho yake. Analisema mbele ya hakimu, basi. Halafu anarudi kula ugali wake."

Dora alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

"Mwalimu," alisema, "bibi anaitwa leo. Saa nne. Karatasi nimeificha mimi."

Mwalimu Gerald hakuuliza swali la pili. Alimkabidhi darasa mwalimu wa jirani, akawasha pikipiki yake, akampakia Dora. Nyumbani, Dora aliingiza mkono chini ya kuku bila kujali kudonolewa, akamletea bibi karatasi ikiwa na joto. Bibi aliisoma mpaka mwisho. Safari hii hakuwa na utani.

"Nifungieni nyumba," alisema, akajitanda kitenge.

Walipofika Sepuka ilikuwa imekaribia saa tano. Ndani ya mahakama Emilian alikuwa amesimama kizimbani, kifua mbele.

"Mheshimiwa hakimu, shahidi wao hayupo. Naomba kesi ifutwe."

Agnes alikuwa amekaa kwenye benchi, amefunika uso kwa khanga.

"Nipo," alisema bibi mlangoni, akihema.

Hakimu, mama mwenye miwani, alimtazama kwa ukali. "Bibi, uliitwa saa nne. Unaidharau mahakama?"

"Karatasi nimeiona leo, mheshimiwa."

Hakimu akamgeukia Paskali, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. "Wewe umeandika kwamba ulimkabidhi mwenyewe Jumatatu."

"Nilimpa mkononi kabisa, mheshimiwa," alisema Paskali. Shingo ilikuwa inamtoka jasho. "Bibi huyu amezeeka. Anasahau."

Watu wakaguna. Hakimu akashika kalamu. Neno la mgambo dhidi ya neno la mzee. Na mwingine aliyeyaona ya Jumatatu alikuwa mmoja tu mle ndani, amesimama nyuma ya mwalimu. Akinyamaza, bibi ataonekana mwongo. Akisema, watu wote watajua kwamba alificha karatasi ya mahakama, na askari yuko pale pale mlangoni na pingu kiunoni.

"Si kweli!" Sauti ilitoka kabla hajaamua. "Alinipa mimi, njiani. Nikaificha. Nilidhani bibi atachomwa moto."

Hakimu alivua miwani.

"Njoo hapa mbele. Una miaka mingapi?"

"Kumi. Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Rudia ulichosema, usiogope."

Dora alirudia yote: kichuguu, picha ya kanisani, kuku. Alipofika kwenye kuku, hata askari wa mlangoni aligeuza uso acheke. Paskali hakucheka. Hakimu alimwambia kwamba karatasi ya mahakama hukabidhiwa mhusika mwenyewe, akasaini, na kwamba jambo lake litaandikwa kwa mtendaji wa kijiji. Kisha akamwapisha bibi. Bibi alisimama wima, akaeleza alfajiri ile, njia ile, rangi za ng'ombe wale na jina la yule aliyewaswaga. Emilian alimuuliza maswali matatu. Baada ya jibu la tatu, kifua chake hakikuwa mbele tena.

Wiki mbili baadaye hukumu ilisomwa. Emilian alipatikana na hatia, na Agnes akarudisha ng'ombe wake nyumbani huku mvua ikimnyeshea, anaimba.

Lakini siku ile ile ya ushahidi, wakitoka mahakamani, Dora alikuwa hawezi kumtazama bibi usoni.

"Bibi, utanipiga?"

"Nikupige wapi? Umekonda, mkono wangu utaumia." Bibi alimshika bega. "Jumamosi utakwenda kwa Agnes kumwomba radhi kwa mdomo wako, na ng'ombe wakirudi utashika kamba kumsaidia kulima. Uongo wako ulikuwa mkubwa, Dora, hata kama uliusema kwa kunipenda. Leo umeufuta wewe mwenyewe mbele za watu, na hilo wazee wengi linawashinda."

"Niliogopa lile neno, bibi."

"Neno usilolijua halifichwi, linaulizwa. Lakini usibebe mzigo wote peke yako. Wewe uliogopa kuniuliza. Mimi nilikuona huli siku tatu, nikaogopa kukuuliza. Na Paskali aliogopa kilima. Woga wa watu watatu, mwanangu, nusura umeze ng'ombe wawili wa mjane, na pembe zao."