Jina Lililokatwa kwa Rula

Asubuhi ya mtihani wa Julai, mwaka wa pili wa embargo, nchi jirani zikiwa zimefunga mipaka, Mwalimu Gélase aliita jina la kijana aliyekwisha kufa, na mtu akaitika.

Stensili za kuchapia orodha zilikuwa zimeadimika Bujumbura nzima. Assia, katibu wa chuo, alimpa orodha ya mwaka uliopita, majina ya waliofukuzwa akiwa ameyakata kwa rula. Gélase alikuwa anasoma haraka kwa sababu ya joto, na jicho lake likaupita mstari wa wino.

"Méthode."

"Présent," ikajibu sauti kutoka benchi la nyuma.

Akatia tiki. Alikuwa amefika majina matatu mbele ndipo akatambua ameita jina gani. Aliinua macho. Benchi la mwisho, nyuma ya binti aitwaye Raïssa, lilikuwa tupu, na darasani hakuna aliyecheka.

Mwaka mmoja kabla, Gélase alikuwa amekuta ripoti ya Méthode, kurasa kumi na mbili, imenakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu cha maktaba. Alipiga mistari myekundu, akapeleka ripoti na kitabu kwenye baraza la nidhamu. Kijana hakukana. Kanuni ilikuwa wazi: afukuzwe, na kitanda cha bwenini akiache ndani ya siku mbili. Siku ya tatu basi dogo lililokuwa likimrudisha kwao lilichomwa moto huko milimani kulikokuwa na vita, na abiria wote ndani. Gélase alikuwa amefuata kanuni. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilikuwa kweli.

Sasa aligawa maswali, na kalamu thelathini na moja zikaanza kukwaruza. Alisikiliza. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja zaidi, uliokuja nusu pumzi nyuma ya ule wa Raïssa. Binti akiandika, nao unaandika. Akisimama kufikiri, nao unamalizia neno kisha unatulia.

Raïssa aliinua mkono.

"Mwalimu," binti alinong'ona mwalimu alipomkaribia, "kuna mutu ananipumulia mu shingo."

"Nyuma yako hakuna mtu."

"Basi unisogeze mbele, tafazali. Hata chini nitakaa."

Kanuni ilikataza kubadili kiti maswali yakishagawiwa. Gélase alinusa hewa. Palikuwa na harufu ya nguo iliyoungua ikanyeshewa na mvua, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Endelea kuandika," akasema.

Alipokusanya, karatasi zilikuwa thelathini na mbili. Tiki zilikuwa thelathini na mbili. Aliweka sahihi yake chini ya hesabu hiyo kwa sababu ilikuwa sahihi, na Assia akakunja pembe ya kila karatasi juu ya jina na kuigandisha kwa uji wa muhogo, maana hata kola, gundi ya dukani, ilikuwa imekosekana mjini. Pembe hizo hazifunguliwi mpaka siku ya baraza, ili mwalimu asahihishe bila kujua anamsahihisha nani.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kinanira, alisahihisha jikoni, mchana, mlango ukiwa wazi. Karatasi mbili zilifanana. Zilifanana kila sentensi, kila koma, hata neno moja lililokosewa, likakatwa, likaandikwa upya pembeni. Moja ilinuka. Aliitia kwenye mbabura ya makaa, akasimama pale mpaka ikawa majivu.

Kesho yake asubuhi alirudisha mitihani, na saa moja baadaye Assia akamwita mlangoni pa ofisi, rundo kifuani.

"Profeseri, nimehesabu mara tatu. Ni thelathini na mbili. Na hii hapa, gusa, uji wake haujakauka. Mi uji nilimaliza jana, na sufuria nikaosha."

Gélase aligusa. Pembe ilikuwa na majimaji, na vuguvugu.

Siku hiyohiyo Assia alimpeleka mtaa wa Buyenzi kwa mjomba wake, Shehe Hamimu, aliyetengeneza baiskeli mchana na kusomea wagonjwa dua baada ya alasiri.

"Profeseri wa Kinanira kwa miguu!" Hamimu alicheka, gurudumu likiwa mapajani. "Na baiskeli yenyewe hakuna. Basi ni neno zito."

Gélase alieleza yote kwa mpangilio. Shehe hakucheka tena. Aliweka gurudumu chini, akapunguza sauti.

"Maiti haitiki, profeseri. Kinachoitika ni jini. Jina limebaki bila mwenyewe, linalivaa kama vile we unavaa koti la mutu. La mutu aliye hai haliwezi, mwenyewe analikalia. Lakini hili we umeliita, umelipatia kiti, na sahihi umetia. Mi nilifukuze na nini? Ungekuja bado hujatia ile tiki."

"Hakuna kisomo chochote?"

"Kipo. Kitamulinda ule mutoto musichana asiguswe na jini. Na baraza yenu, je? Kisomo cha baraza mi sina." Alishika tena gurudumu lake. "Shika moja tu: usiite tena jina ambalo mwenyewe hayupo."

Baraza lilikaa Jumatatu. Mkurugenzi Maxime aliweka karatasi mbili mezani sambamba, akafungua pembe kwa kisu. Ya kwanza ilikuwa ya Raïssa. Ya pili iliandikwa Méthode.

"Monsieur le directeur," alisema Gélase, "huyu binti hakunakili. Yeye ndiye aliyenakiliwa."

"Na nani?"

Gélase alifungua kinywa, akatazama nyuso za wenzake, na maneno yote yaliyokuwa ya kweli yakaonekana maneno ya mgonjwa. Akasema alisikia kalamu, akasema benchi lilikuwa tupu na bado alisikia kalamu, akasema kwamba karatasi ile aliichoma kwa mkono wake mwenyewe na ikarudi, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo mkurugenzi alivyozidi kumtazama kwa huruma, kama watu walivyomtazama kwenye mazishi ya mkewe, Consolate.

"Rafiki yangu, pumzika kidogo," alisema Maxime taratibu. "Binti ameandika karatasi mbili, moja kwa jina la marehemu, ili atucheke. Ni kosa zito kuliko kunakili. Wewe mwenyewe umetia tiki, umetia sahihi. Tusiamini sahihi yako?"

Raïssa aliitwa kusaini uamuzi wa kufukuzwa. Alishika kalamu bila kuandika.

"Nilikuambia, mwalimu," alisema, bila hasira. "Nilikuomba nisogee mbele."

Alipewa siku mbili. Gélase alikwenda bwenini kumwambia asubiri, kwamba atamtafutia chumba hapohapo mjini, lakini alikuta godoro limekunjwa. Binti alikuwa ameondoka alfajiri na lori la viazi. Baada ya hapo njia ya kwenda milimani ilifungwa, simu za huko zilikuwa zimekatwa, na barua mbili alizomwandikia zilirudi bila kufunguliwa.

Oktoba ilifika. Assia alikuwa amepata stensili mpya, na orodha ilikuwa safi, majina ishirini na sita bila mstari hata mmoja. Gélase aliyaita yote na wote wakaitika. Hakuna sauti ya ziada. Hakuna harufu. Alitakiwa kufunga daftari.

Hakulifunga. Kwa miezi mitatu alikuwa amelala na swali moja, na hapa, mbele ya madirisha wazi na jua la saa mbili asubuhi, palikuwa na njia ya kulijibu. Jini halivai jina la mtu aliye hai. Nyumbani, akijisahau, bado alikuwa akimwita Consolate, na kimya kilichofuata alikuwa amekidhania ndicho kitu kibaya kuliko vyote ambavyo mtu anaweza kusikia. Leo alikitaka, alikiomba, kimya tu, benchi tupu na mbu ukutani, ili ajue kwamba mahali fulani juu ya milima ile binti anamenya viazi na kumlaani.

Wanafunzi walianza kutazamana.

"Raïssa," akaita.

Kimya. Alihesabu pumzi moja, mbili, tatu. Mabega yake yakashuka. Akafunika kalamu, na karibu acheke.

"Présente, mwalimu," ikasema sauti ya binti, karibu kabisa na sikio lake. "Nimesogea mbele."