Nukta ya Rangi ya Kucha

"Dada, naomba RAM kubwa kuliko zote ulizonazo."

Mwanamke aliyeambiwa maneno hayo hakuinua uso. Alikuwa ameinamia bodi ya kompyuta, bisibisi mkononi, na jumba zima la vifaa vya elektroniki lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki: wauzaji wakiita, wanunuzi wakisukumana, redio za meza mbalimbali zikishindana. Alivaa gauni la kijivu lililopigwa pasi barabara, nywele amezifunga kwa kitambaa cha buluu, na kucha zake fupi alizipaka rangi nyekundu. Jumbani humo wote walimwita Fundi.

"Ya mashine gani?" aliuliza.

"Ya kompyuta."

"Kaka yangu, umeingia duka la viatu ukaomba kiatu kikubwa kuliko vyote, wala hujasema mguu ni wa nani."

Muuza chaja wa meza ya jirani akacheka hadi akakohoa. Hapo Fundi aliinua uso, akamwona kijana mrefu mwenye shati jeupe, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, penseli imepachikwa sikioni. Alikuwa akicheka pia, tena akijicheka mwenyewe, na jambo hilo lilimpendeza Fundi kabla hajapata muda wa kulikataza.

"Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo," alisema kijana. "Mashine yangu ni ya mezani, ya zamani. Nikifungua mchoro mkubwa inakaa kufikiri kama hakimu."

"Zamani si kipimo. Vijiti vya RAM, hiyo kumbukumbu ya mashine, vina vizazi, na kila kizazi kina pengo lake, hapa chini. Pengo lisipokaa mahali pake, kijiti hakiingii, na ukikilazimisha unaua bodi. Likikaa mahali pake bado hujamaliza. Bodi ina nafasi ngapi? Mwisho wake gigabaiti ngapi? Vijiti vilivyomo sasa ni vya kasi gani?"

"Nilidhani nitalipa niende."

"Wengi hudhani hivyo, kisha hurudi na malalamiko. Nenda nyumbani. Zima, chomoa waya ukutani, shika chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini mwako ushuke. Halafu unipigie, unisomee jina la bodi."

Jioni simu ikalia.

"Fundi wangu, nimelala kifudifudi chini ya meza. Mama ananishikia tochi."

"Msalimie mama. Soma."

Alisoma herufi moja moja, naye aliziandika na kuzitafuta. Bodi ilikuwa ya kizazi cha tatu, ina nafasi nne, mbili za buluu na mbili nyeusi, na mwisho wake ni gigabaiti nane tu.

"Ndani mna vijiti viwili vya gigabaiti moja moja," alisema Fundi. "Hivyo tutavitoa. Tutaweka viwili vya nne nne, vinavyofanana, kwenye nafasi za buluu. Nyeusi zikae tupu. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Sema tena."

"Kwa nini niseme tena ikiwa umeelewa?"

"Sauti yako inanisaidia kuelewa."

Kwa mbali ilisikika sauti ya mwanamke mzee ikisema, "Mwulize bei, uache kujikunja kama paka."

Vijiti vya kizazi hicho vilikuwa adimu, tena vinavyofanana ndiyo kabisa. Fundi alivisaka meza hadi meza. Kila siku Mchoraji alipiga simu kuuliza kama vimepatikana, na kila siku swali hilo lilichukua sekunde chache na mazungumzo yakachukua yaliyobaki. Alianza kumwita mpenzi kwa mzaha. Baadaye mzaha ukaondoka, neno likabaki. Muuza chaja akawa akisema, "Fundi, hivyo vijiti ukivipata mapema utakuwa umejidhulumu."

Vilipopatikana, Fundi alivichomeka kwenye mashine yake ya majaribio mbele ya Mchoraji, akaipa kazi nzito hadi mchana ukapita, wala haikutetereka. Kisha alitoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, akatia nukta moja nyekundu juu ya kila kijiti.

"Nukta hii maana yake nimekipima mwenyewe na nitakijibia," alimwambia. "Siiweki ovyo."

Mchoraji alivipokea kwa mikono miwili, akaenda nyumbani kuvichomeka badala ya vile vya zamani.

Wiki haikuisha kabla hajarudi, na safari hii hakuwa akicheka. Shati lilikuwa la jana, macho mekundu.

"Vile vijiti ulivyoniuzia ni vibovu."

"Habari za asubuhi, mpenzi."

"Mashine inaganda. Ukuta wa wodi ya wazazi nimeuchora upya mpaka mkono umekufa ganzi, na kila nikikaribia kuumaliza inaganda."

"Ilete niipime."

"Nikiileta nitachorea nini? Jumatatu mhandisi anataka michoro ya zahanati mezani pake. Nikikosa, kazi anapewa mwingine, na pale ofisini sina langu tena."

"Nakuelewa. Lakini vijiti vyangu havina kosa. Ulisimama hapa hapa nikavipima."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Sauti yake ilipanda, na watu wakaanza kugeuka. "Au ukweli ni kwamba umeniuzia vitu vya jalalani, ukavipaka rangi ili nivione vya maana."

Muuza chaja alizima redio yake. Mteja mmoja, aliyekuwa ameshika kijiti chenye nukta nyekundu na fedha mkononi, alikirudisha mezani taratibu, akarudisha na fedha mfukoni, akaondoka. Fundi alimtazama mteja huyo hadi alipopotea katika msongamano. Kazi hiyo alikuwa ameijenga kwa miaka, katika jumba ambalo watu hawakuamini kwamba mwanamke anaweza kushika bisibisi, na mtaji wake mkubwa ulikuwa nukta ile.

"Ondoka mezani kwangu," alisema kwa sauti ya chini.

Aliondoka.

Siku zilizofuata simu haikulia. Wateja walikuja, wakachagua, kisha wakauliza kwa haya, "Hivi vimepimwa kweli?" Fundi alijibu ndiyo. Hasira ilikuwapo, lakini chini ya hasira palikuwa na jambo lililomsumbua zaidi. Alijua alichokipima. Alijua pia kwamba kijana yule hana tabia ya uongo. Mtu anayejicheka mbele ya watu hadanganyi kirahisi. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, basi kosa lilikuwa limekaa mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Jumamosi asubuhi alipiga simu mwenyewe.

"Unasemaje?" ilijibu sauti kavu.

"Bado inaganda?"

"Inaganda."

"Sikupigii kuomba radhi."

"Wala sikutarajia."

"Nakuja kuifungua mwenyewe. Mama yupo?"

"Mama yupo siku zote."

"Basi nitaingia nyumbani mwenu mama akiwapo. Kosa likiwa langu, nitalitamka mbele yake. Likiwa lako, utalitamka wewe."

"Nimekubali," alisema hatimaye.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili vilivyofagiliwa vikang'aa. Sebuleni, upande mmoja palikuwa na cherehani na marundo ya nguo za watu, upande wa pili meza ya kuchorea na ile kompyuta. Mama alimpokea mlangoni, miwani ikining'inia kifuani, kastabini bado kidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kwenye simu." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Alipoweka chai mezani, vikombe viligongana.

Mchoraji alisimama dirishani, akawapa mgongo, akitazama barabara kama mtu anayesubiri hukumu na hataki kumwona anayeisoma. Fundi alichomoa waya, akagusa chuma, akafungua ubavu wa kasha.

Vijiti vilikuwa vinne.

Viwili vyake vilikuwa kwenye nafasi za buluu, nukta nyekundu zikionekana wazi. Kwenye nafasi nyeusi, ambazo alisema zikae tupu, vilikaa vile viwili vya zamani. Nane na mbili ni kumi, na bodi hiyo mwisho wake nane. Tena vijiti hivyo vya zamani vilikuwa vya kasi nyingine. Ilikuwa ajabu kwamba mashine iliweza hata kuwaka. Na kwenye kishikizo cha nafasi nyeusi palikuwa pamenasa uzi mweupe, mfupi, wa kushonea.

Fundi aliinua macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, anamtazama. Uso wa mama ulikuwa umesema yote: alimwona mwanawe akiteseka, akaona vijiti vizima vya zamani vimewekwa kando, na mtu aliyezoea kutumia kila kipande cha kitambaa hawezi kuviacha vikae bure. Kama viwili vinasaidia, vinne visaidie zaidi. Alivichomeka siku kijana alipotoka, akafunika kasha vizuri lisiingie vumbi. Kisha ugomvi ukazuka, na tangu hapo ulimi wake ulikuwa umefungwa.

Neno moja tu lingetosha. Fundi angelitamka, jina lake lingesafishika, na yule aliyesimama dirishani angemeza maneno yake yote. Lakini mama huyu angeaibishwa nyumbani mwake, mbele ya mwanawe, tena na mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza.

Alivichomoa vile viwili vya zamani polepole, bila sauti, akavitumbukiza mkobani pamoja na ule uzi. Alifunga kasha, akawasha. Akafungua mchoro wa zahanati, akaukuza, akauzungusha, akapita wodi hadi wodi. Saa ya ukutani iligonga, ikagonga tena. Mashine ilikwenda kama maji.

Mchoraji aligeuka. "Kosa lilikuwa nini?"

Fundi alivaa mkoba begani. Huo ungekuwa uongo wake wa kwanza katika kazi, na aliuona ukija.

"Kosa ni langu. Sikukuelekeza vizuri."

"Nilijua," alisema Mchoraji, na ingawa sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo, neno liliingia kama sindano. "Ungekubali siku ile tusingefika huku."

"Ndivyo. Kamilisha kazi yako. Kwaheri, mama."

Fundi aliteremka ngazi haraka, mkono mmoja ukutani, kwa sababu macho hayakuwa yakiona vizuri. Alikuwa ameitetea heshima ya mtu mwingine kwa kuitupa yake, na zaidi ya mama hakuna aliyekuwa akijua, wala atakayejua.

Jumanne jumba lilikuwa limefurika. Fundi alikuwa anamweleza mteja juu ya pengo la kijiti alipomwona Mchoraji anakuja, shati limepigwa pasi, na nyuma yake mama katika gauni la maua, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliendelea na mteja.

"Fundi," alisema Mchoraji.

"Kuna foleni."

"Nitapanga foleni. Ila kuna neno baya nililolisemea hapa, kwa hiyo nalifutia hapa hapa." Alipaza sauti ileile ya siku ile. Redio ya muuza chaja ikazimwa tena. "Siku ile nilisema mwanamke huyu ameniuzia vitu vya jalalani. Nilisema uongo. Vijiti vyake ni vizima na vilikuwa vizima tangu mwanzo. Mwenye shaka na nukta yake aniulize mimi."

Fundi alimtazama mama.

"Nimemwambia," alisema mama. "Jana alirudi anaimba, mhandisi amepokea michoro. Akaniambia, 'Mama, yule Fundi alikosea lakini nitamsamehe.' Amsamehe! Chakula kilinishinda. Nilikuona ukivitia mkobani, mwanangu. Ungeweza kuniumbua, ukaninyamazia. Naomba unirudishie vile vijiti vyangu."

"Havifai kitu, mama."

"Vinanifaa mimi. Nitaviweka kwenye sanduku la nyuzi, nivione kila nikitaka kujifanya najua."

Muuza chaja alijifuta macho, akadai ni vumbi.

"Kwa nini hukuniambia?" Mchoraji aliuliza, sasa kwa sauti ya wawili.

"Ningekuambia, ungenirudia mimi ukiwa umempa mama kisogo. Sikutaka kukupata hivyo."

Mchoraji alisogea karibu na meza. "Fundi, nina swali."

"La mashine gani?"

"Si la mashine. Mama nimekuja naye kwa sababu sitaki uulizwe kichochoroni. Je, utakubali kuolewa na mtu aliyekukosea mbele ya watu wote hawa?"

Jumba zima lilisubiri. Mteja aliyekuwa na kijiti mkononi alisahau kukirudisha. Fundi alimtazama kijana yule kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitu ambacho atakijibia: macho ambayo hayakukwepa, penseli iliyosahaulika sikioni. Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa.

"Lete mkono."

Mchoraji alinyoosha mkono. Fundi alikishika kidole gumba chake, akatia nukta moja nyekundu juu ya ukucha, taratibu, isivuke mpaka.

"Usiiguse," alimwambia, "mpaka ikauke."