Panya Aliyekula Mabele ya Koko

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Kabondo, Orpha alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamsaidia bibi yake kupanga mabele kwenye beseni. Mabele ni udongo mweupe uliokaushwa, ambao wanawake wengi wa Kisangani huunyonya kama peremende. Bibi huyo, Koko Viviane, aliuuza sokoni tangu ujana wake. Msimu wa mvua, udongo ulipokataa kukauka, aliutandaza juu ya bati la karakana ya jirani, tonton Lambert, aliyeyeyusha betri kuukuu za magari. Joto la moto wake lilikausha kila kipande upesi. Koko alijisifu kwamba sokoni hakuna mwenye akili kumzidi.

Jambo moja tu lilimkera. Mabele yake yalikuwa yakipungua.

"Panya!" alilalamika. "Panya ya Kabondo haina haya. Inaacha muhogo, inakula mabele yangu!"

Akaleta paka mnene wa kijivu, akamwita Komanda. Komanda alipewa samaki kila siku, akashiba, akalala juu ya gunia. Hakukamata hata panzi. Mtaa mzima ulicheka, na Orpha akacheka nao, ila moyoni alisikia aibu. Panya mwenyewe alikuwa yeye.

Mambo yalianza hivi. Tangu alipovunja ungo, hedhi ya Orpha ilikuja na maumivu makali ya tumbo, tena damu ilitoka nyingi. Wasichana wakubwa shuleni walimwambia kwamba mabele hutuliza tumbo. Akachukua kipande kimoja kwenye gunia la Koko bila kuomba. Kesho yake akachukua kingine, mpaka ikawa siku haiishi bila udongo mdomoni. Naye Orpha hakuwa msichana wa kukaa kitako. Alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya shule, na mechi dhidi ya wasichana wa Kapalata ilikuwa inakaribia. Siku hizi lakini mipira iliyokuwa chakula chake ilimpita. Jioni moja mazoezini macho yakaingia giza, akashika nguzo ya goli asianguke.

"Orpha," alisema Papa Gédéon, mwalimu wa michezo, "kama hauna nguvu, nitaweka Naomie mu goli."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tumbo lenyewe.

Koko alimpeleka kwenye zahanati ya mtaa. Muuguzi, Mama Simone, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani, alimchoma kidole na kupima damu.

"Bon. Damu yako iko kidogo sana, mutoto yangu. Nitakupa vidonge ya chuma. Ni chuma inasaidia mwili kutengeneza damu." Kisha akamtazama vizuri. "Unakulaka mabele?"

Orpha alimtupia jicho Koko aliyekaa pembeni yake. Angesema nini, naye ameiba? "Hapana, mama," akajibu.

Vidonge vile vilikuwa na ladha ya misumari. Kila alipomeza kimoja mbele ya Koko, Orpha alikimbilia nyuma ya nyumba na kunyonya kipande cha mabele ili kuondoa ladha. Wiki zikapita. Waliporudi zahanati, Mama Simone alipima, akakunja uso, akapima tena.

"Damu haijapanda hata kidogo. Koko, kweli anameza?"

"Ninamuona na macho yangu mbili!"

"Alors, labda iko ugonjwa ingine inajificha. Tutamutuma hospitali kubwa."

Koko Viviane, ambaye hakuna muuzaji sokoni aliyewahi kumshinda kwa maneno, alishika ncha ya kitenge chake, akaanza kufuta machozi. Orpha hakuwahi kumwona akilia. Moyo ukampasuka, na uongo wote ukamtoka.

"Koko, usilie. Panya ni mimi."

"Nini?"

"Ile inakulaka mabele. Ni mimi. Hata nikimeza dawa, ninakula mabele nyuma yake. Unisamehe."

Koko akapiga paja lake. "Na mimi nikalisha Komanda samaki yote ile bure!"

Kicheko cha Mama Simone kilitikisa dirisha. Alipopata pumzi, alieleza taratibu kwamba udongo hukamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua, ndiyo maana vidonge havikufaa kitu. Kwa maumivu ya hedhi, kitambaa chenye joto juu ya tumbo na dawa anayopewa na muuguzi vingemsaidia zaidi.

"Na mabele hii munakaushia wapi?" akauliza.

Koko alieleza kwa fahari habari za bati la tonton Lambert. Safari hii Mama Simone hakucheka.

"Koko, mu betri ya gari muko plomb. Kwa Kiswahili wanaita risasi. Ni madini mubaya: inaharibu damu na akili ya watoto. Moshi yake inakaa juu ya mabele yako. Na udongo yenyewe, hata ya mbali, inaweza kuwa na plomb ndani. Haionekani na macho."

Walipofika nyumbani, Koko alimwaga gunia lote kwenye shimo na kulifukia. Siku hiyo hiyo aliwaambia wateja wake ukweli, mmoja mmoja, bila kujificha. Kisha akamgeukia tonton Lambert, akamsema hadi akahamisha moto wake mbali na nyumba za watu. Beseni la Koko sasa lilijaa sombe, yaani majani ya muhogo ya kupika, na machungwa.

Orpha alikula sombe, samaki na maharagwe, akameza vidonge kwa maji ya machungwa. Mechi ya Kapalata ilimkuta bado dhaifu. Naomie alisimama golini, na Orpha akampigia makofi kutoka benchi. Lakini mechi ya marudiano ilipofika, damu yake ilikuwa imepanda, na golini alisimama yeye. Dakika za mwisho wapinzani walipewa penalti. Orpha aliruka, akaudaka mpira, akaukumbatia. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

Koko alimkumbatia akiwa na matope yake yote.

"Mujukuu yangu," alisema, "mimi niliuza kitu bila kuuliza iko na nini ndani. Wewe uliumwa, ukaficha. Wote wawili tulikosa. Shika hii: ukiumwa, sema. Ukikosa, sema. Dawa na uongo haiwezi kukaa mu tumbo moja."

Jioni panya wa kweli alikatiza uwanja wa nyumba, bila haya, mbele ya Komanda. Paka alifungua jicho moja, akamtazama Koko, akangoja samaki wake.