Dirisha Lililoshonwa

Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kuzama nyuma ya milima, na mume na mke bado walikuwa wanabishana wapige hema wapi.

Kambi zilikuwa mbili. Ya chini ilikuwa nje kidogo ya mji, pale lami inapokwisha na mchanga wa jangwa unaanza. Ilikuwa na ukuta, taa, vyoo safi na bafu la maji moto. Ya juu haikuwa na kitu. Kiwanja cha changarawe miguuni mwa mlima, mawe meusi ya kuzungushia moto, na upepo, basi. Mtu aliyechoka, mwenye njaa, angechagua ipi? Hata usijisumbue kujibu. Lakini mwanamke aliyekaa kiti cha mbele jioni ile hakuwa anachagua kwa akili. Alikuwa anachagua kwa wivu.

Mjini walimwita Fundi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumshinda katika kushona mahema na maturubai. Mumewe aliendesha lori la maji, na aliliendesha polepole mno hata watu wakambandika jina la Taratibu. Fundi alilikata jina hilo, akawa anamwita Tara. Wengine wote waendelee na Taratibu yao. Tara lilikuwa lake peke yake, na ole wake mwanamke mwingine angelitamka.

Na huo wivu ulikuwa wa nani? Wa marehemu, jamani! Taratibu aliwahi kuoa kabla, na huyo mke alifariki. Fundi hakumwona hata siku moja, ila alimwona kila mahali. Alimwona kwenye kikombe ambacho mume hakutaka kitupwe ingawa kilikuwa kimeng'oka mkono. Alimwona kwenye kimya cha mume wakati wa jioni. Marehemu akitajwa tu, Fundi ananuna siku mbili, chakula anakiweka mezani kwa kishindo. Taratibu akajifunza kufunga mdomo. Hicho kimya nacho kikawa kosa jipya: "Ahaa, kumbe umemficha moyoni."

Basi, mwaka mmoja wa ndoa ulipotimia, Fundi akadai apelekwe kambini kama mwenzake alivyokuwa akipelekwa. Mume akasema sawa, twende kambi ya chini.

Mwenye kambi ya chini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, aliwapokea getini mikono imejaa povu la sabuni.

"Taratibu! Umetutupa, baba! Na yule dada yetu mcheshi mbona..."

Akamwona Fundi. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Huyu ndiye mke wangu," Taratibu alisema. "Yule alitutoka, Mama Kambi."

"Maskini! Pole sana. Nisamehe, mwanangu, mdomo wangu huu hauna breki. Karibu, hapa ni kwenu."

Nisamehe gani tena? Maji yalishamwagika. Fundi alikuwa amebaki na neno moja tu. Mcheshi!

"Walikuwa wanalala hapa?" akauliza, sauti tamu kama asali, ile sauti ambayo waume wote wanaijua maana yake.

"Hapa? La, wao walipenda kule juu." Mama Kambi akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama Taratibu kwa wasiwasi. "Lakini siku hizi hatumpeleki mtu kule. Hapafai."

"Hapafai kwa nini?"

Taratibu aliinua macho kuelekea mlimani.

"Tulale hapa, Fundi wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Nakuomba."

Ile sauti ilitetemeka, na Fundi aliisikia ikitetemeka. Alichokosea ni kimoja tu: ilikuwa hofu, yeye akasikia mapenzi.

"Sema tu pale ni pa mwenzangu," alisema. "Sema mimi sina hadhi ya kulala alipolala yeye."

"Sio hivyo, mke wangu."

"Basi twende juu. Au nirudishe nyumbani, na ukinirudisha, nirudishe kwa mama yangu kabisa."

Wakaenda juu.

Gari halikuweza kufika kiwanjani, mawe yalikuwa mengi. Waliliacha bondeni, wakabeba hema mabegani. Hema lenyewe lilikuwa la marehemu. Fundi alilitoa stoo yeye mwenyewe na kulikarabati bila kumwambia mtu. Dirisha lake dogo la nyuma alilikuta limeshonwa likafungwa, kutoka ndani, kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Mishono ya ovyo! Mingine mirefu, mingine mifupi, mingine imekazwa mpaka kitambaa kimechanika. Ulikuwa mshono wa mtu aliyeshona huku anatetemeka, na fundi mwenye macho alipaswa kuliona hilo. Yeye aliona mkono wa mke mwenzie tu. Akachukua kijiwembe chake cha kufumulia, akaufumua wote, akaushika ule uzi akautupa jalalani. Alilala vizuri sana siku hiyo.

Sasa, wakipigilia vigingi gizani, Taratibu akasimama ghafla.

"Lile dirisha la nyuma hukuligusa, sivyo?"

Moyo wa Fundi ukaungua. Kumbe hata mishono ya yule mwanamke inalindwa!

"Sijaligusa," akasema.

Pazia la dirisha lilikuwa limeteremshwa, na giza lilikuwa limeshaingia. Mume akamwamini. Akashuka bondeni kuchukua dumu la maji garini, akisema anarudi sasa hivi.

Fundi akaingia ndani, akawasha taa ndogo, akaanza kutandika godoro. Upepo ukatulia.

Ukatulia kabisa...

Halafu ikaja harufu. Harufu ya udongo uliolowa maji. Pale ambapo hata mbuzi hulamba umande, ardhi ikanuka mvua.

Akaacha kutandika. Nyuma ya hema changarawe ililia. Kwacha. Kimya. Kwacha... kwacha. Mtu anatembea, tena hana haraka.

"Tara?" akaita, akidhani ni mumewe amezunguka.

Hatua zikasimama karibu na dirisha. Pazia likavutika ndani kidogo, likarudi nje, kana kwamba kuna aliyelipumulia.

"Tara..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Tara wangu... toka nje... njoo..."

Mtu mwingine angepiga mayowe. Nywele za Fundi zilisimama, ndiyo. Lakini chini ya ile hofu kitu kingine kilipanda kwa kasi zaidi, kikaipita hofu, kikafika mdomoni. Jina lake! Jina alilolitunga yeye, kitandani mwake, kwa mume wake, liko mdomoni mwa mwanamke mwingine!

Akalivuta pazia kwa nguvu.

"Nani wewe unayemwita mume wangu?"

Nje hapakuwa na mtu. Giza tu, na mlima mweusi kuliko giza. Lakini kitu baridi kilimgusa midomo, kikapita juu ya ulimi, kikashuka kooni, kikachukua kilichokuja kuchukua, kikatoka.

Taratibu alipanda mbio, dumu amelitupa huko huko. Alikuwa ameisikia ile kelele.

"Umemjibu nani? Fundi! Umemjibu nani?"

Akaliona dirisha. Akaiona mishono haipo. Akashika kichwa.

Fundi akafungua mdomo ili ajitetee. Akafungua zaidi. Hakikutoka hata kikohozi.

Na kutoka juu, kule mlimani, sauti yake yeye Fundi, sauti yake hasa, ikacheka kidogo.

"Niko huku, Tara. Njoo basi..."

Taratibu akageuka. Mguu mmoja ukaenda. Wa pili ukafuata. Fundi akamrukia, akamkumbatia kiunoni, akamng'ang'ania kwa meno na kucha. Wakaanguka wote. Waliacha hema, godoro na taa inawaka. Wakaviringika mpaka garini.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Taratibu aliendesha kwa kasi. Walipopita kambi ya chini, Mama Kambi alikuwa getini na tochi.

"Mbona mnakimbia? Mwanangu, kuna nini? Sema!"

Fundi akamtazama tu, machozi yanamtiririka. Mama Kambi akashusha tochi. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Na huyu tena," akanong'ona, akafunga geti.

Walipofika kwenye lami ndipo Taratibu alipozungumza, macho yakiwa barabarani.

"Yule wa kwanza alikuwa na wivu kukushinda wewe. Alisikia mwanamke ananiita nje ya lile dirisha, akawaka, akamjibu. Tangu hapo hakusema tena. Usiku uleule alilishona dirisha kwa mikono yake, hata kukaa hakuweza kwa kutetemeka. Tukarudi mjini, tukadhani yameisha. Sauti yake ikatufuata. Kila jioni inaniita. Siku moja miguu ikanichukua, nikafika mlangoni... Akanipita, Fundi. Akanisukuma ndani, akatoka yeye, akaifuata. Sauti ikanyamaza siku hiyohiyo. Na yeye sikumwona tena. Watu niliwaambia ni ugonjwa. Ningewaambia nini?"

Fundi akampiga begani, akampiga tena. Mbona hukuniambia?

Mume alielewa bila maneno. "Ningekuambia lini? Kila nikifungua mdomo kumtaja, unanuna."

Taratibu akabadili gia.

"Na jambo moja halijaniingia akilini mpaka sasa," akasema polepole. "Yeye aliniita Taratibu, kama watu wote. Hilo la Tara ni lako wewe tu. Huyo aliyeko kule kalitoa wapi?"

Daktari alimulika koo la Fundi, akasema ni zima, apumzike. Akapumzika. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa tulivu, cherehani inanguruma mchana, mume anarudi, wanakula, wanalala.

Halafu jioni moja ikaja harufu ya udongo uliolowa.

"Tara... umerudi kutoka kazini?"

Ilikuwa nyuma ya dirisha la chumba cha cherehani. Na jamani, ilikuwa sauti nzuri. Haikuwa ile ya kununa na kugombeza. Ilikuwa sauti ya miezi ile ya mwanzo, ya posa, ya kucheka kwa kitu kidogo. Fundi alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuongea hivyo na mtu yeyote.

Akalifunika dirisha kwa vipande viwili vya turubai zito, akavipigilia misumari pembeni, akavishona katikati kwa mkono. Uzi uliokuwa karibu ulikuwa mwekundu. Mikono ilimtetemeka vibaya, na alipomaliza akarudi nyuma kuangalia kazi yake. Mishono mingine mirefu, mingine mifupi, mingine imekazwa mpaka turubai limechanika. Fundi akaketi sakafuni, akamlilia yule mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na kumwomba msamaha kimoyomoyo.

Taratibu aliahidi hatatoka. Kweli, hakutoka. Ila alianza kurudi mapema kutoka kazini. Akawa anahamisha kiti chake. Kwanza kilikuwa mlangoni, kisha kando ya cherehani, kisha karibu na dirisha. Anakaa pale ameinamisha kichwa, anasikiliza. Wakati mwingine anatabasamu. Lile tabasamu Fundi alilitafuta mwaka mzima wa ndoa na hakulipata, na sasa linatolewa kwa turubai. Akajua hapo kwamba kumwonea wivu marehemu ulikuwa mchezo. Sasa alikuwa anaionea wivu sauti yake mwenyewe, na hakuwa na pa kulalamika.

Jioni ya jana aliingia na kikombe cha chai. Mume alikuwa kwenye kiti, magoti yanagusa ukuta. Alipomsikia, akaficha mkono chini ya paja haraka, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Fundi akatazama sakafu. Kulikuwa na vipande vya uzi mwekundu. Akatazama dirisha. Mishono ya chini ilikuwa imefumuliwa, na lile turubai lilikuwa linavutika ndani kidogo, linarudi nje.

Akamshika mkono, akaukunjua. Kijiwembe chake cha kufumulia kilikuwa kiganjani.

Taratibu hakuona haya. Alimtazama kwa macho yaliyojaa mapenzi, macho ambayo Fundi angetoa chochote kuyapata siku za nyuma.

"Nataka tu kusikia vizuri," alisema. "Usikasirike, Fundi wangu. Si mtu mwingine. Ni wewe."

Fundi alikuwa na mengi ya kumjibu. Midomo ilichezacheza bila kitu.

Nje, changarawe ililia. Kwacha... kwacha.

"Ndiyo, Tara," kikasema kitu dirishani, taratibu sana. "Ni mimi."