Mtungi wa Fundi Saa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, mchomaji alifungua mlango wa tanuri, akahesabu vyombo, akavihesabu tena, kisha akakaa chini sakafuni. Alikuwa ameingiza vyombo tisa. Sasa vilikuwa vinane. Kwenye rafu ya juu, pale ulipokaa mtungi wa Fundi Saa, palikuwa na duara safi katikati ya vumbi jeupe.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Sajini, maana wastaafu huwahi hata wasikohitajika. Miaka thelathini na moja ya upelelezi ilikuwa imemwachia magoti mabovu na usingizi wa kuibiaibia, na daktari ndiye aliyemshauri atafute kitu cha kumtuliza akili. Basi kila Jumamosi mama huyu alikuja kwenye karakana ya ufinyanzi kupaka vikombe rangi. Vikombe vyake vilikuwa vibaya, naye alivipenda hivyo hivyo. Asubuhi hiyo alitaka kuona kikombe chake kimetokaje, basi. Hakutaka kesi.

"Afande," mchomaji akasema kutoka sakafuni, "leo nimemwaga unga."

Kila mtu pale aliujua mtungi ule. Mke wa Fundi Saa aliufinyanga kwenye karakana hiyo hiyo, akaugua kabla ya kuupaka rangi, akafariki. Ndani ya shingo ya mtungi zilibaki alama za vidole vyake, vinne upande huu na gumba upande ule. Baada ya msiba ulikaa kwenye rafu mwaka mzima. Ndipo mumewe, mtengeneza saa ambaye hakuwahi kushika brashi, akaja kuomba kiti. Wiki saba alichora majani kwa penseli. Jumamosi iliyopita akayapaka rangi ya kijani, akichovya kopo moja na Sajini, kwa kuwa mkewe alikuwa mtu wa kijani.

Saa tatu na nusu Fundi Saa aliingia na shati lililopigwa pasi, na kikapu chenye taulo la kuufungia mtungi. Mwenye karakana, mama mnene mwenye udongo mpaka kwenye nyusi, alimweleza. Mzee hakupiga kelele.

"Umevunjika?" akauliza.

"Hatujui, mzee wangu. Haupo tu."

"Kama umevunjika nipeni vipande. Kile cha shingo tu, basi. Vingine mtupe."

Sajini alikuwa amesikia watu wengi wakidai mali zao, na alidhani masikio yake yameshaota sugu. Kumbe bado. Akaweka mkoba wake mezani, akashusha pumzi, akajihisi amechoka kabla hata ya kuanza.

"Nataka kumwita polisi," mwenye karakana akasema, "na huyu mchomaji aende zake leo leo. Ufunguo wa tanuri ni kazi yake."

"Polisi watakuja kuandika tu. Nipe mpaka saa saba."

Alianza na mchomaji. Kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama ya moto.

"Hiyo umeungua lini?"

"Jumatano, nikipanga vyombo. Rafu ilikuwa bado ina joto la uchomaji uliopita. Afande, mimi kuungua ni kama wewe kukanyaga tope."

Sajini aliutazama ule mkono. Kidonda kilikuwa kimeshaanza kukauka, kwa hiyo hakikuwa cha jana.

"Uliwasha lini?"

"Alhamisi asubuhi, nikazima saa mbili usiku. Baada ya hapo tanuri halifunguliwi. Lazima lipoe lenyewe Ijumaa nzima. Hewa baridi ikiingia, vyombo vinapasuka."

"Na jana?"

"Niliondoka saa tisa mchana. Ufunguo nikautundika kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Msumari unaojulikana na dunia nzima."

Mchomaji akainamisha kichwa. Ijumaa, kama ilivyojulikana, mlango wa karakana ulikuwa wazi mpaka jioni, watu wanaingia na kupaka rangi vyombo vyao bila daftari wala mlinzi.

Mwenye karakana naye hakusalimika. Mwezi uliopita alimbembeleza Fundi Saa auruhusu mtungi ule uende kwenye maonyesho, mzee akakataa.

"Uliutaka," Sajini akasema.

"Niliutaka uonekane, na jina la mfinyanzi lisomwe. Ningeuficha ndani ya kabati ningepata nini? Mtungi wa majani ya kijani, mji mzima unajua ni wa nani."

Sajini alirudi kwenye tanuri, akapiga magoti kwa shida, akivitazama vyombo vinane. Vilivyokuwa nyuma vilikuwa vizima. Vya karibu na mlango vilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na sahani kubwa ya mwenye karakana, kazi yake ya miezi miwili, ilikuwa imepasuka kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Tanuri lilifunguliwa likiwa bado moto," akasema.

Mchomaji alipoiona ile sahani alishika kichwa. Mwenye karakana yeye alikaa juu ya gunia la udongo. Sajini aliwaangalia wote wawili na kuwatoa kwenye orodha. Mchomaji asingefungua mapema hata kwa kushikiwa panga, na huyu mama asingejipasulia sahani yake. Aliyefungua alikuwa mtu asiyejua moto, au anayejua lakini hakuweza kungoja.

Hapo ndipo alipochukua kikombe chake. Alikigeuza mara mbili. Jumamosi iliyopita alikipaka jani moja, na sasa jani lile lilikuwa bluu iliyokolea.

"Mchomaji, njoo. Mimi nilipaka kijani."

Mchomaji alikwenda kwenye rafu ya rangi, akafungua kopo lililoandikwa kijani, akachota kidogo, akaisugua kwa kidole. Kabla ya moto rangi zote za pale zilifanana, kijivu cha uji wa majivu, na kwa macho huwezi kuzijua ila kwa jina lililo kwenye kopo. Akafungua na la pili, akanusa, akafumba macho.

"Nilikosea wakati wa kujaza. Humu nimetia bluu. Sasa hata mtungi wa mzee umetoka bluu! Nikimwambia mama wa hapa ananimaliza."

"Basi usimwambie. Usimwambie mtu yeyote mpaka nirudi."

Saa sita kasorobo Sajini alivuka barabara. Mkabala na karakana palikuwa na chumba cha cherehani cha mdogo wa kike wa marehemu, ambaye watu wote, wakimfuata Fundi Saa, walimwita Shemeji. Kutoka kwenye kiti chake aliweza kumwona kila anayeingia na kutoka, na Sajini alimwendea kama shahidi.

"Jana nimeshona sare kutwa nzima, dada," Shemeji akasema bila kuinua macho. "Sikuona mtu wa ajabu. Na huko kwenu sijakanyaga tangu Jumamosi iliyopita, nilipompelekea shemeji chai."

"Mtungi ulikuwa umeshapakwa?"

"Alikuwa anamalizia." Alikata uzi kwa meno. "Huyo mwizi naye kichaa. Atauuza wapi? Majani yenyewe bluu imekolea vile, atakayeuona mara moja hausahau."

Cherehani iliendelea kulia. Sajini alisimama pale, na badala ya furaha aliyokuwa akiipata zamani mtu anapojinasa, alijisikia vibaya. Alikwenda mlangoni, akampungia mkono Fundi Saa.

Mzee alipofika, Sajini alivuta kiti, akakaa kabla magoti hayajamkatalia.

"Shemeji, mume wa marehemu anasema alipaka rangi gani?"

"Kijani," Fundi Saa akajibu mwenyewe. "Si unajua, Sajini."

"Mimi na wewe tulipaka kijani. Kopo lilikuwa na bluu, na hilo limejulikana leo asubuhi, na watu wawili tu. Kabla ya moto rangi ile ilikuwa kijivu. Aliyeuona mtungi ukiwa bluu ni yule aliyeutoa motoni."

Cherehani ilinyamaza. Shemeji aliondoa mguu kwenye kanyagio, akainama, akavuta boksi la vitambaa kutoka chini ya meza, akaufunua mtungi. Ulikuwa mzima, vitambaa vimeupoza polepole. Majani yalikuwa bluu, na yalikuwa mazuri.

"Saa kumi na robo," akasema. "Niliutoa kwa vitambaa vya pasi, ukaniunguza hata hivyo. Nilijua ukifika kwake utafungiwa kabatini, nami nitaomba ruhusa kuuona."

"Ungeomba, ningekupa," Fundi Saa akasema.

"Nimeomba mangapi? Miezi minane nililala chini hospitali. Mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwogesha, nikamlisha. Siku ya msiba wewe ulikalishwa kwenye mkeka, watu wakapanga foleni kukushika mkono. Mimi niliambiwa sufuria haijafunikwa, nenda jikoni. Siku tatu jikoni! Na baada ya hapo kila anayeniona ananiuliza, shemeji yako anaendeleaje? Nami nilitaka kitu kimoja cha dada yangu. Kimoja tu."

Sajini aliangalia sakafu. Wizi ulikuwa wizi, na kuna mtu karibu apoteze kazi, na hilo angelisema. Lakini si sasa.

Fundi Saa aliuchukua mtungi, akaupakata, akaenda nao hadi mlangoni. Shemeji hakumzuia. Pale kizingitini mzee akasimama, mgongo ukiwa kwao.

"Hivi kweli hakuna aliyekuja kwako?"

"Hakuna."

"Hata mimi."

"Hata wewe."

Alirudi. Aliuweka mtungi juu ya meza, kati ya mkasi na vifungo, akauacha hapo. Kisha akaushika mkono wa Shemeji kwa mikono yake yote miwili, akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Pole, shemeji," akasema. "Pole sana. Umefiwa."

Shemeji alilia kwa sauti, kilio cha mwaka na miezi miwili, na hakuna aliyemtuma jikoni.