Jiwe la Utani

Kila jioni Kwamboka alipopanda kutoka mtoni na debe la maji kichwani, alisimama kidogo kando ya migomba ili asikilize wazee wawili wakitukanana.

Mmoja wao alikuwa babu yake, Mzee Mogire. Kwamboka alimwita Sokoro, kama watoto wa Kisii wanavyowaita babu zao. Wa pili alikuwa Mzee Ratemo, mtu wa rika lake, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya bonde. Kati yao kulikuwa na mashamba ya chai, mto, na mteremko mkali kiasi kwamba kuku aliyeteleza juu alifika chini akiwa supu. Kwa hiyo wazee hao hawakutembeleana sana. Kila mmoja alisimama kwake akapaza sauti.

Mahali pa Sokoro palikuwa jiwe pana lililokuwa mwisho wa ua. Ukisimama juu ya jiwe hilo, sauti ilivuka bonde. Ukirudi nyuma kidogo, migomba iliyameza maneno yote.

"Mogire!" Ratemo aliita. "Nasikia ng'ombe wako amekonda hadi mnamwanikia nguo!"

"Ni kweli!" Sokoro alijibu. "Lakini maziwa yake ni mazito! Jana tone moja lilianguka, likapasua kibuyu!"

Wachuma chai waliacha kuchuma wakacheka. Kwamboka naye alicheka mpaka maji yakamwagika mabegani, na mama yake, Bochaberi, akauliza kwa nini debe halifiki nyumbani likiwa limejaa.

Kisha, siku chache baada ya Krismasi ya mwaka 1972, Sokoro aliamka akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia. Mguu wa kulia pia ulikuwa umelala, na mdomo umevutika upande mmoja. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani Keumbu, akapelekwa hospitali ya Kisii. Madaktari walisema mshipa wa damu ulikuwa umeziba kichwani. Walimtibu, wakamwokoa, na kabla ya Februari akarudi nyumbani. Akili yake ilikuwa kali vilevile. Lakini mkono ulining'inia kama sweta iliyovuliwa, na sauti ikawa nyembamba.

Nyumbani kila mtu alimhurumia. Baba yake Kwamboka, Makori, alimtengenezea kiti kizuri cha ngozi akakiweka mlangoni. Bochaberi alipika uji wa wimbi, mwepesi, usiomsumbua kutafuna. Hata hivyo Bochaberi hakuweza kumlisha yeye mwenyewe. Kwao, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe wake. Aliweka bakuli juu ya kigoda, akarudi nyuma, akamtuma Kwamboka. Makori naye alimwosha mzee huku akitazama pembeni, wala hakumwambia lolote. Mwana gani atamwamuru baba yake, "Simama"?

Basi Sokoro alikaa. Alikaa asubuhi, akakaa mchana, akakaa jioni. Wageni waliokuja na ndizi walisifu, "Kwa kweli mnamtunza vizuri."

Jioni Ratemo aliita kutoka ng'ambo, "Mogire! Umelala?"

Hakupata jibu. Alikuwa amevuka bonde mara moja kumwona rafiki yake, akishikiliwa na wajukuu wawili, na magoti yake yakakataa safari ya pili. Sasa alichobaki nacho ni kuita. Kila alipoita, Sokoro aligeuza uso ukutani.

Siku moja ya Februari mwanamke mrefu mwenye viatu vya matope alipanda kilima hadi bomani kwao. Alikuwa Bi. Esnah. Aliongoza kikundi kidogo kutoka hospitali kilichowatembelea wagonjwa na jamii zao vijijini. Katika kikundi hicho alikuwamo pia Machogu, bwana afya, aliyekagua visima na vyoo. Gari lao, Landrova, lilikuwa limeachwa chini ya kilima.

"Karibu, daktari," alisema Bochaberi.

"Asante, mama. Lakini mimi si daktari. Daktari alimwokoa mzee asife. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yangu ni kuurudisha mkono na mguu kazini."

Sokoro alimtazama kwa jicho moja. "Umekuja na sindano?"

"Hapana, mzee."

"Vidonge?"

"Hata kimoja."

"Basi umefuata ndizi zetu."

"Ndiyo," alisema Bi. Esnah. "Mimi nitakula ndizi, wewe utafanya kazi."

Pembe ya mdomo wa Sokoro, ile nzima, ilitikisika. Alikuwa hajajibiwa vizuri hivyo tangu augue.

Bi. Esnah alimpima taratibu. Aliuinua mkono wake, akaukunja na kuukunjua mguu, akamwomba afumbe na kufumbua vidole. Kisha akawageukia wenye nyumba.

"Mnampenda mno," alisema. "Ubongo wake umesahau njia ya kwenda mkononi. Mnajua njia ya mtoni isipopitwa inavyokuwa. Nyasi huota. Mkimlisha, mkambeba, mkamwinua, nyasi zitaota kwenye njia hiyo mpaka ifungike. Mzee lazima afanye kazi mwenyewe, asubuhi na jioni. Nani atamsimamia?"

Makori alikohoa. Bochaberi akaangalia vidole vyake vya miguu. Bi. Esnah alikuwa mzaliwa wa Nyacheki, hukohuko Kisii, na desturi hizo hakuhitaji kuelezwa.

"Basi niulize hivi," alisema. "Nani humtania mzee huyu?"

Wote walimtazama Kwamboka. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake maneno ambayo mwana hathubutu hata kuyawaza.

"Njoo hapa, msichana," alisema Bi. Esnah. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Utakuwa mkono wangu katika nyumba hii."

Alimfundisha kila kitu: Sokoro ashike mkono mgonjwa kwa mkono mzima, auinue polepole, asimame kutoka kitini, akae, asimame tena, apukuchue mahindi kwa vidole vya kulia, aimbe kwa sauti ili mdomo ufunguke. "Usimvute mkono kamwe," alimwonya. "Wala usimwonee huruma. Nitarudi baada ya wiki mbili."

Siku za kwanza Kwamboka alijitahidi sana. Lakini Sokoro alikuwa mjanja.

"Kupukuchua mahindi ni kazi ya wanawake," alinung'unika siku moja. "Keti, nikusimulie habari ya mvua ya mawe."

"Kwanza mkono, Sokoro."

"Mwaka huo lilianguka jiwe moja la barafu kubwa kama nyumba. Liliviringika kutoka hapa..."

"Likaenda wapi?" Kwamboka aliuliza kabla hajakizuia kinywa chake.

Basi. Akaketi. Lile jiwe liliviringika hadi Nyamira, likapita sokoni, likanunuliwa na mama mmoja aliyedhani ni chumvi. Kesho yake ilikuwa hadithi ya chui aliyepotea akaja kuuliza njia. Asubuhi za mazoezi zikawa asubuhi za hadithi, na jioni vilevile. Mahindi yalibaki kwenye magunzi yake. Mama alipouliza, "Mmemaliza?" wote wawili walijibu, "Tumemaliza."

Bi. Esnah alirudi jioni moja jua likielekea kutua.

"Mmefanya mazoezi?"

"Tumefanya," alisema Sokoro.

"Tumefanya," alisema Kwamboka, akitazama kuku.

Bi. Esnah aliushika mkono wa mzee akauinua. Kabla haujafika kifuani, Sokoro alikunja uso na kuguna kwa maumivu.

"Nilipokuja mara ya kwanza, mkono huu ulifika begani," alisema Bi. Esnah polepole. "Leo umeishia hapa."

"Labda ni baridi," alisema Sokoro.

Bi. Esnah hakukaripia. Aliketi juu ya kigoda mbele yao. "Nisikilizeni. Masika yakianza, gari letu haliwezi kufika chini ya kilima hiki. Itapita miezi kabla sijarudi. Bega likigandamana muda wote huo, hata mimi huenda nisiweze kulifungua. Na mguu usiosimama leo, kesho ni mgumu zaidi kusimama. Sisemi ili kuwatisha. Nasema kwa sababu bado tunao muda, lakini ni mchache."

Wakati huohuo sauti ilivuka bonde.

"Mogire! Nasikia umeoa kiti!"

Hakuna aliyecheka. Kwamboka alimwona Sokoro akigeuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza akaona machozi kwenye shavu lake.

"Nimekudanganya," alimwambia Bi. Esnah. "Hatukufanya. Alinisimulia hadithi, nami nikapenda kusikiliza."

"Usimlaumu mtoto," alisema Sokoro akiwa bado anatazama ukuta. "Mimi nilimhonga. Kila niliposimama niliona jinsi nilivyokuwa dhaifu. Kwenye hadithi mimi bado ni mzima."

Kisha Bi. Esnah akauliza, "Hadithi gani hizo?"

"Ya jiwe la barafu lililouzwa kama chumvi," alijibu Kwamboka huku akifuta pua.

Bi. Esnah alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi Machogu akaja mbio kutoka kisimani kuuliza kuna nini. Alipotulia alisema, "Hadithi kama hizi si za kusimuliwa kwenye kiti. Kuanzia leo, mzee atasimulia akiwa amesimama. Akikaa, hadithi inakatika hapohapo. Vidole navyo vipukuchue mahindi wakati anapumzika."

"Na nikikataa?" aliuliza Sokoro.

"Basi Sokoro," Kwamboka aliwahi, "nitamwambia Mzee Ratemo kwamba kiti kimezaa mapacha."

Sokoro aligeuka kutoka ukutani.

Siku hiyo Bi. Esnah alimpa kila mtu kazi yake. Makori na Machogu walikata miti ya mkaratusi, wakaifunga kuwa mihimili miwili kutoka mlangoni hadi kwenye lile jiwe, ili mzee ashike huku na huku akitembea. Bochaberi aliambiwa aache uji mwepesi. Sasa aliweka kwenye kigoda ugali mgumu wa wimbi na mboga, akarudi nyuma kama desturi, na mzee akaufinyanga mwenyewe kwa mkono wa kulia. Mara ya kwanza mboga nyingi ziliingia masikioni kuliko kinywani. Bochaberi alikuwa nyuma ya mlango akiuma khanga yake asicheke.

Kazi ilikuwa ngumu. Kuna asubuhi Sokoro alitetemeka akatokwa jasho, hadithi ikakatika chui akiwa ndiyo kwanza anabisha hodi.

"Simama, Sokoro! Chui anangoja!"

"Mwache angoje. Chui hana haraka."

"Kumbe wewe ni mzee kuliko Ratemo!"

"Nani? Mimi? Sogea hapo!" Na akasimama.

Polepole hadithi zilirefuka, na hatua nazo zikarefuka. Kwamboka alitembea kando yake, karibu vya kutosha kumshika, mbali vya kutosha kutomsaidia. Gunia la mahindi yaliyopukuchuliwa lilijaa. Ratemo, aliyeiona ile mihimili kutoka ng'ambo, aliita, "Mogire! Mnajenga josho la ng'ombe?" Sokoro hakujibu, lakini safari hii hakugeuza uso. Alitabasamu. Sauti yake alikuwa bado anaihifadhi.

Bi. Esnah alikuja mara ya mwisho mwezi wa Machi, mawingu yakiwa yamekwisha kujikusanya juu ya vilima. Aliuinua mkono wa mzee ukapita bega. Akatikisa kichwa kwa furaha. Jua lilipokaribia kutua, Sokoro aliomba fimbo yake.

Alitembea kati ya mihimili, akiburuta mguu kidogo. Alipofika mwisho aliachia mikono. Makori aliinuka, Bi. Esnah akamzuia kwa kumgusa kiwiko. Sokoro alipanda juu ya jiwe. Aliyumba. Akatulia.

"Mogire!" sauti ilikuja. "Umelala?"

Sokoro alivuta pumzi hadi kifua kikajaa.

"Ratemo! Sikulala! Nilikaa kimya ili usikie jinsi unavyopiga kelele!"

Wachuma chai walisimama na vikapu vyao mgongoni. Ng'ambo kule hakukuwa na jibu, na Kwamboka akahofu kwamba sauti haikufika.

Bochaberi alipiga magoti mbele ya Bi. Esnah, akamshika mikono. "Sijui tukushukuru vipi," alisema. "Tulidhani kumtunza mzee ni kumfanyia kila kitu. Mungu akubariki wewe na wenzako."

"Inuka, mama," alisema Bi. Esnah. Akamvuta Kwamboka karibu naye. "Hospitali ilimtibu siku chache. Siku zingine zote alitibiwa hapa, na mikono yenu. Mimi najua viungo, Machogu anajua visima, lakini nyumba hii mnaijua ninyi. Nawe Kwamboka, kumbuka. Siku uliponidanganya, mkono wa babu yako ulirudi nyuma. Siku uliposema kweli, ndipo nilipojua pa kuanzia. Anayetibu hawezi kufanya kazi yake bila ukweli. Na tiba isiyofanywa kila siku haisaidii, hata ikiwa nzuri namna gani."

"Asante, Bi. Esnah," alisema Kwamboka. "Nitaendelea hata mvua ikinyesha."

"Najua. Ndiyo maana naondoka bila wasiwasi. Sasa, ndizi zangu ziko wapi?"

Wakati huo sauti ya Ratemo ilivuka bonde, ikikwaruza na kukatikakatika, kama sauti ya mtu aliyekuwa akijifuta macho.

"Rudia, Mogire! Sikusikia!"

"Amesikia," alisema Kwamboka.

"Najua amesikia," alisema Sokoro. Akajiweka sawa juu ya jiwe, akarudia.